Maswali na Majibu: Msanii Asiyeona na Shahada ya Elimu ya Makumbusho

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mchongaji. Nilipoteza uwezo wa kuona nikiwa mtoto mdogo, na sikumbuki sura wala rangi ya kitu chochote. Nafanyia kazi udongo na mbao, nimeshashiriki maonyesho kadhaa, na kila ninakokwenda watu huniambia maneno yale yale: kwamba ni ajabu kwa mtu asiyeona kufanya kazi kama hizi. Nimechoka kusifiwa hivyo. Ningefurahi zaidi kumpata mtu wa kuniambia kwamba bega la sanamu limekaa vibaya na kwa nini.

Sasa nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya elimu ya makumbusho, na nashindwa kukata shauri. Wachongaji wenzangu wanasema nitapoteza muda wa karakana nikijifunza kuwatembeza watoto wa shule. Ndugu zangu wanauliza nitafanya nini mahali ambapo kila kitu kimefungiwa ndani ya vioo. Nami nina hofu ambayo sijamweleza yeyote, kwamba nitaingia nikiwa msanii na kutoka nikiwa mtaalamu wa kupanga ngazi na vishikio kwa ajili ya wasioona wenzangu. Je, masomo haya yanaweza kumkuza msanii, au yanampatia ajira tu?

— Mchongaji

JIBU

Ndugu Mchongaji,

Yanaweza kumkuza, na naamini kwa mtu wa hali yako yanaweza kumkuza kuliko shahada nyingine ya uchongaji, mradi uyaendee ukijua unachokwenda kukitafuta. Wenzako wanaodhani kwamba taaluma hii ni ya kuwatembeza watoto wameuona ukingo wake tu. Kiini chake ni swali moja gumu, nalo ni namna mtu anavyojifunza akiwa mbele ya kitu halisi: nini humvuta akisogelee, nini humfanya akae nacho badala ya kupita, na kwa njia gani anachokihisi hugeuka kuwa ufahamu anaoweza kuutetea mbele ya wengine. Swali hilo umeishi nalo tangu utotoni, kwa kuwa hakuna sanamu uliyoijua bila kuitafuta sehemu kwa sehemu.

Unalalamika kwamba watu wanakustaajabia badala ya kukukosoa, na una haki ya kulalamika. Sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba watu wengi wanaoona hawana msamiati wala nidhamu ya kuhukumu kazi kwa mkono, hivyo hukimbilia kumsifu aliyeifanya. Wewe nawe, niwie radhi kwa kulisema hili, huenda una maarifa mengi viganjani ambayo hujawahi kulazimika kuyapanga kwa maneno. Masomo haya yatakulazimisha.

Chukua kichwa cha mtu kilichosubiwa kwa shaba nyeusi. Mwongoza wageni anayeona ataanza na uso, ataeleza macho na midomo, na huenda akamalizia hapo hapo, kwa kuwa ndiko kulikoelekezwa taa. Mikono yako miwili huanza kwa kukizunguka chote ili kupata ukubwa na uzito wa umbo, ndipo vidole gumba hushuka kwenye vipaji vya uso na vingine hukutana kisogoni. Huko nyuma ya sikio, mahali ambapo wageni wengi hawafiki, kidole hukuta alama ya kidole cha mwingine: mchongaji alikibonyeza kwenye nta au udongo, kalibu ikaichukua alama hiyo, na shaba iliyoyeyushwa ikaihifadhi. Chini ya kidevu kuna mstari mwembamba ambapo vipande vya kalibu vilikutana, na kando yake kuna mikwaruzo ya tupa ya fundi aliyejaribu kuufuta. Ndani ya dakika chache umesoma namna kitu kilivyotengenezwa, na mambo hayo hayamo katika kibao cha maelezo ukutani. Darasani utaulizwa: haya yana maana gani kwa mgeni, unayafundisha kwa mpangilio upi, na utajuaje kwamba ameyapata? Ukiweza kuyajibu maswali hayo kuhusu kazi ya mwingine, utaanza kuyauliza kuhusu yako, na hapo ndipo bega lililokaa vibaya litakapopata mkosoaji wake wa kwanza, ambaye ni wewe.

Utakutana pia na mbinu zilizojengwa juu ya jicho. Mojawapo inayofundishwa sana ni ile iliyoandaliwa na mwanasaikolojia Abigail Housen pamoja na Philip Yenawine, aliyewahi kuongoza idara ya elimu katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Mwalimu huwaketisha wanafunzi mbele ya picha na kuwauliza kuna nini kinachoendelea ndani yake, wanaona nini kinachowafanya waseme hivyo, na nini zaidi wanaweza kukipata. Mwalimu haelezi, huyarudia majibu kwa maneno yake na kuyaunganisha. Ukisikia hivyo unaweza kufa moyo, lakini hebu fikiri tena. Mtoto anayemwambia mwalimu anayeona kwamba “yule mtu ana huzuni” anaweza kuishia kwenye kunyoosha kidole. Akikwambia wewe, itambidi aeleze kichwa kimeinamishwa vipi, mikono imewekwa wapi, mwanga unaangukia upande gani, na mwenzake atamkatiza kwamba hapana, mkono umekunjwa. Swali lako la “unaona nini kinachokufanya useme hivyo” ni la mtu anayehitaji jibu kweli, na watoto hulitambua hilo haraka sana. Sidhani kuna mwalimu aliye katika nafasi bora kuliko hiyo ya kuwafundisha wanaoona kutazama kwa makini.

Kuhusu vioo, ndugu zako hawakukosea, ila wamesema nusu ya habari. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yamekuwa na ziara za kugusa tangu mwaka 1972. Mjini Madrid kuna Museo Tiflológico, iliyofunguliwa mwaka 1992 na shirika la wasioona la Uhispania, ambamo vitu vimepangwa ili vishikwe. Mwaka 2015 Makumbusho ya Prado, katika mji huo huo, yalionyesha nakala za michoro mashuhuri zilizoinuliwa kiasi cha mkono kufuata miili na mikunjo ya nguo. Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni Museo Omero ya Ancona, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1993 kwa juhudi za Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, mume na mke wasioona, waliokuwa wasafiri wakubwa na waliochoshwa na kukatazwa kugusa kila walipoingia ukumbini. Waliomba, wakashawishi, wakakusanya nakala za plasta za sanamu kubwa za kale pamoja na kazi halisi za wachongaji wa sasa, na mwaka 1999 serikali ya Italia ikaitambua kuwa makumbusho ya taifa. Walioijenga walikuwa ni wale wale waliokuwa wakikatazwa.

Ukitaka kubadili mahali kama hapo inakubidi ujue sababu za katazo, na hapa kozi ya uhifadhi itakufaa kuliko unavyodhani. Jasho na mafuta ya ngozi huacha chumvi na asidi, na hizo hula chuma na shaba taratibu. Dhahabu iliyopakwa huchubuka, nguo za kale hukatika nyuzi, mbao zenye rangi hupoteza rangi. Jiwe gumu, udongo uliochomwa vizuri na shaba nyeusi iliyopakwa nta huvumilia zaidi, hasa mgeni akivua pete na saa na kunawa mikono. Glavu nyembamba za nitrili, aina ya mpira wa viwandani, huruhusu umbo kupita lakini huzuia ubaridi wa jiwe na chembechembe za uso wake, hivyo kukubali au kukataa glavu ni uamuzi wa kielimu pia, wala hauhusu usafi peke yake. Mtu anayefika mbele ya mhifadhi akiwa na maarifa haya huzungumza naye kama fundi kwa fundi, wakachagua pamoja nini kishikwe, na nani, na kwa muda gani. Asiye nayo hubaki kuomba ruhusa.

Sitakuficha ugumu. Kiasi cha kusoma ni kikubwa, na makala nyingi za zamani zilizowekwa kwenye kompyuta ni picha za kurasa tu, ambazo programu ya kusoma skrini huzipita kimya kana kwamba karatasi ni tupu. Itisha orodha ya vitabu miezi kadhaa kabla ya muhula kuanza, ili maktaba ipate muda wa kuzigeuza kuwa maandishi yanayosomeka. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016, unaruhusu nakala za aina hiyo kutengenezwa na kuvushwa mipaka baina ya nchi zilizouridhia bila kusubiri idhini ya mwenye haki miliki, na si maktaba zote za vyuo zinazoukumbuka. Kuna pia kozi ya utafiti wa wageni, ambamo wanafunzi husimama pembeni ya ukumbi wakiandika nani amesimama wapi na kwa dakika ngapi. Usiikubali kazi hiyo ifutwe kwa ajili yako. Omba kuifanya na mwenzako, yeye akikusanya nyendo nawe ukirekodi mahojiano na mazungumzo ya wageni, kisha mchambue pamoja, kwa kuwa nyendo peke yake hazisemi mtu aliondoka na nini.

Nafika kwenye hofu yako ya siri, na naiheshimu. Ni kweli kwamba taasisi nyingi zikimpata msomi asiyeona humkabidhi jambo moja tu, ushauri wa ufikivu, yaani namna ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kufika na kushiriki, na baadhi huomba ushauri huo bure kana kwamba ni hisani. Usiidharau kazi ya ufikivu, maana ina watu wanaoingojea, lakini iwe na mkataba, cheo na malipo, na isiwe mlango pekee unaofunguliwa kwako. Yupo msanii wa Kanada, Carmen Papalia, aliyesomea shahada ya uzamili ya sanaa na jamii katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland. Katika mojawapo ya kazi zake huwaongoza watu barabarani kwa mstari mrefu, wote wamefumba macho, kila mmoja ameshika bega la aliye mbele yake, naye yuko mbele na fimbo. Hapo kuna ufikivu, kuna ufundishaji na kuna sanaa, na sijui ni nani angeweza kuvitenganisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, unazitaka nchi ziwawezeshe watu hao kukuza vipaji vyao vya ubunifu kwa faida yao wenyewe na pia kwa kuitajirisha jamii. Sehemu hiyo ya mwisho husahauliwa mno. Wewe unakwenda makumbusho ukiwa na kitu cha kutoa.

Na karakana je? Tegemea kazi zako zibadilike. Mkono hupokea kitu kwa mfuatano, kidogo kidogo, na elimu ya makumbusho ni kwa kiasi kikubwa sanaa ya kupanga mfuatano: mgeni aanzie wapi, akutane na nini kabla hajachoka, mshangao uwekwe wapi. Mchongaji aliyelifikiria jambo hilo kwa miaka miwili huanza kujiuliza mkono wa mgeni utatua wapi kwanza kwenye sanamu yake, kama kimo chake kinaruhusu mikono kukutana nyuma, na kama sehemu laini imewekwa baada ya sehemu ya kukwaruza kwa sababu au kwa bahati. Wala usidhani uchongaji wa mkono ni jambo jipya linalohitaji huruma ya zama hizi. Katika karne ya 17 Giovanni Gonnelli, Mwitalia aliyepofuka akiwa tayari mchongaji, aliendelea kufinyanga sura za watu kwa kuzipapasa, na miongoni mwa kazi anazokumbukwa nazo ni kichwa cha udongo cha Papa Urban VIII.

Kabla hujatia sahihi, zungumza na chuo. Uliza kama mafunzo kwa vitendo yatakufikisha kwenye ghala la mikusanyo au yataishia mapokezi; uliza kama tasnifu inaweza kuambatana na kazi uliyoichonga; na uliza, bila kuona haya, msimamizi wako atakuwa nani na kama yuko tayari kufumba macho na kushika. Wakikujibu kwa kigugumizi katika hilo la ghala, tafuta chuo kingine. Na hata ukikubali, tenga siku za karakana ambazo hazitaguswa na ratiba ya masomo, kwa kuwa mkono usiofinyanga kwa miezi mingi huanza kusahau, na mwalimu aliyeacha kutengeneza vitu hana budi kuazima maneno ya wengine.

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nasimamia kitengo cha elimu katika makumbusho yenye mikusanyo ya sanaa na historia. Muhula ujao tutampokea mwanafunzi wa uzamili asiyeona kwa mafunzo ya vitendo. Wenzangu wanapendekeza tumpangie ziara za wageni wasioona peke yake, na baadhi wanataka tumpunguzie vigezo vya tathmini. Tunamtakia mema, lakini hatujui tuanzie wapi.

— Mwalimu wa makumbusho

JIBU

Ndugu Mwalimu,

Msimpunguzie vigezo. Badilisheni njia ya kuvifikia, na vigezo vibaki pale pale, la sivyo mtampa cheti ambacho yeye mwenyewe hatakiamini. Na kumfungia kwenye ziara za wasioona ni kumnyima nusu ya taaluma, na pia ni kuwanyima watoto wa shule na watu wazima mwalimu ambaye huenda wasimpate tena.

Anzeni na ukumbi. Wiki moja kabla ya kazi, mtu mmoja atembee naye njia zote, akimpa kiwiko chake ashike badala ya kumkamata mkono na kumsukuma mbele, na amweleze milango, ngazi, mwangwi wa kila chumba na mahali pa kila kabati. Baada ya hapo kabati lisihamishwe hata hatua moja bila yeye kujulishwa, kwa sababu ramani yake iko kichwani na hakuna atakayemkumbusha isipokuwa goti lake. Maelezo yote ya ukutani apewe kama faili la maandishi. Kwa michoro, kaeni naye mbele ya kila picha atakayoifundisha na mmweleze kwa kirefu, kuanzia ukubwa na umbo la jumla hadi vitu vidogo. Mwiteni pia mtu wa pili aeleze picha ile ile, naye atajifunza mengi kutokana na mahali ambapo maelezo yenu yanapishana. Mchoro mmoja au miwili mnaweza kuigeuza kuwa mistari iliyoinuka kwa kutumia karatasi maalumu inayovimba pale penye wino mweusi ikipitishwa kwenye joto. Msijaze mistari mingi, kwani mkono hupotea haraka kwenye msongamano ambao jicho lingeuchambua.

Kwa makundi ya watoto, kuinua mkono hakutamsaidia. Kubalianeni kwamba anayetaka kusema hutaja jina lake kisha husubiri, na walimu wa darasa waelezwe mapema. Ghala la mikusanyo lifunguliwe kwake kwa usimamizi wa mhifadhi, kama mnavyowafungulia wanafunzi wengine.

Halafu mkosoeni. Akirefusha maelezo, akimwacha mtoto mmoja atawale mazungumzo, akikwepa swali, mwambieni siku hiyo hiyo kama mnavyowaambia wenzake. Mchongaji aliyetuandikia hapo juu ameeleza vizuri jinsi sifa tupu zinavyochosha.

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mchoraji wa rangi za mafuta na macho yangu yanapungua mwaka hadi mwaka. Kwa sasa naona mwanga na vivuli vikubwa. Nataka kusomea elimu ya makumbusho. Je, nianze sasa, au nisubiri nijue macho yatakapoishia ndipo nijipange?

— Mchoraji

JIBU

Ndugu Mchoraji,

Anza sasa, lakini tanguliza stadi kabla ya masomo. Jifunze nukta nundu na programu ya kusoma skrini wakati bado una uoni wa kukusaidia kuthibitisha unachokifanya, na jifunze fimbo nyeupe bila kungoja kulazimika. Anayeingia chuoni akijifunza yote hayo pamoja na nadharia za ujifunzaji huchoka kwa mambo ambayo hayahusiani na uwezo wake.

Kumbukumbu yako ya rangi ni mtaji ambao wengi darasani hawatakuwa nao kwa namna hiyo: unajua rangi inavyoitikia mwanga, na karibuni utajua ni maneno gani huirudisha akilini na yapi hayafui dafu. Andika sasa, kwa kinywa au kwa kalamu, maelezo ya michoro unayoipenda zaidi, marefu kadiri unavyoweza, kwa kuwa uandishi wa maelezo ya sauti ni sehemu ya kazi hiyo na utakuwa umekwisha kuuanza. Na usiikunje turubai. Mmarekani John Bramblitt, aliyepofuka mwaka 2001, hupaka rangi kwa kuinua mistari anayoweza kuifuata kwa kidole na kwa kuipa kila rangi uzito wake ili aitambue kwa kuigusa. Jaribu hilo kwenye karakana yako mwezi huu, ukiwa bado unaweza kulinganisha kidole na jicho.